Kumsahihisha Mchora Ramani Anayejitolea: Hadharani au Pembeni?

Paa la tembe la Kigogo ni udongo juu ya miti na fito. Udongo wenyewe huchimbwa hapo hapo nyumbani, kwa hiyo picha ya satelaiti iliyopigwa kiangazi huonyesha nyumba yenye rangi ile ile ya ardhi inayoizunguka. Mwanafunzi anayechora majengo ya Chamwino au Bahi, wilaya za mkoa wa Dodoma, kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wanaojitolea, macho yake yakiwa yamezoea mabati ya mjini, huchora nyumba moja ya bati na kuyaruka matembe yote ya jirani. Mzoefu huangalia kivuli. Picha nyingi za satelaiti hupigwa kabla ya adhuhuri, hivyo ukuta, hata uwe mfupi, huacha mstari mwembamba wa giza upande wa magharibi. Ukiutafuta mstari huo, tembe linajitokeza lenyewe. Na likijitokeza, kuna mtego wa pili: matembe mengi hukunja kona na kuuzunguka ua, na mchoraji mgeni huchora mraba mmoja mkubwa unaomeza ua pamoja na nyumba.

Zizi la ng'ombe nalo, likiwa limezungushiwa miiba na kujaa samadi, huonekana kama duara jeusi, na mgeni hulichora kuwa nyumba ya msonge. Korongo la mchanga, ambalo huku kwetu hupitisha maji siku chache tu za msimu wa mvua kati ya Desemba na Aprili, huonekana kama barabara pana ya vumbi. Kwenye vilima vya Kondoa, ambako mmomonyoko ulikuwa mkubwa hadi serikali ikaanzisha mradi wa hifadhi ya ardhi wa HADO mwaka 1973, mtu anaweza kuchora mtandao mzima wa barabara ambazo hakuna gari litakalopita.

Hata mtu makini kabisa hufanya makosa haya katika wiki zake za mwanzo, kwa sababu macho yake bado hayajafundishwa. Mhakiki anayepitia kazi yake huyaona ndani ya dakika moja. Kazi ngumu ni kuamua ayasemee wapi: kwenye ukurasa wa wazi ambao yeyote duniani anaweza kuusoma, au pembeni, wao wawili tu. Msimamo wangu ni kwamba kosa la kazi lisemwe hadharani, mahali kazi yenyewe ilipo, na jambo linalomhusu mtu lisemwe pembeni. Msimamo huo una mipaka yake, na baadhi ya mipaka hiyo ni mizito.

Kwa nini kanuni ya ofisini haitufai

Katika semina za uongozi watu hufundishwa kumsifia mtu mbele ya wenzake na kumkaripia chumbani. Ushauri huo una mantiki pale ambapo kazi ya mtu ni siri kati yake na mkuu wake. Mradi huria umejengwa vingine. Kila badiliko kwenye OpenStreetMap huhifadhiwa na jina la akaunti, saa, na maelezo ya aliyechora, na jengo likifutwa historia yake hubaki. Kwenye programu zinazotunzwa kwa Git, chombo kinachohifadhi historia ya kila badiliko, ni hivyo hivyo: kila mstari una mwenyewe, na yeyote anaweza kurudi nyuma miaka kumi kuuliza nani aliuandika na kwa nini. Kazi imeshakuwa hadharani kabla hujasema lolote. Ukiirekebisha kimya kimya na maelezo ukayatuma kwa meseji, rekodi inabaki na jina moja likifuta kazi ya jina lingine bila sababu. Hiyo ndiyo inayosomeka kama dharau, hata kama kwenye meseji mlielewana vizuri.

Meseji ya pembeni ina hasara nyingine ambazo hazionekani siku ile ile. Wahakiki watatu wasioonana humwandikia mtu mmoja jambo moja kwa maneno matatu tofauti, naye anaanza kuhisi anaandamwa. Mchoraji anayefungua eneo la jirani wiki ijayo hana pa kusoma kwamba maduara yale ni mazizi, kwa hiyo anayarudia. Na mhakiki mwenye ulimi mkali hajulikani na mtu, kwa sababu ukali wake unaishia kwenye simu za watu mmoja mmoja, hadi siku mnapojiuliza kwa nini vijana wapya hawarudi.

Miradi mikubwa ya dunia iligawa mambo haya zamani. Taasisi ya programu ya Apache, iliyoanzishwa 1999, hutaka mijadala ya kazi na maamuzi ya kiufundi yawe wazi na yaandikwe, lakini kila mradi wake una ukumbi wa faragha kwa ajili ya mazungumzo kuhusu watu: nani akaribishwe kuwa mwenye ruhusa ya kuandika, nani ana mgogoro na nani, pamoja na taarifa za udhaifu wa kiusalama. Kwenye Linux, mfumo endeshi huria wa kompyuta, marekebisho yamekaguliwa hadharani tangu mwanzo, na kwa miaka mingi ukaguzi huo uliambatana na matusi. Septemba 2018 Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wake, aliomba radhi kwa barua pepe zake kali, akapumzika kwa muda, na mradi ukapokea kanuni mpya za mwenendo. Ukaguzi haukuhamishiwa chumbani. Kilichotakiwa kuondoka ni kumpiga mtu badala ya kuikosoa kazi, na nadhani ndilo somo ambalo wengi wetu hatukulichukua, kwa kuwa tulisikia habari ya ukali tukasahau habari ya uwazi.

Kundi la WhatsApp

Huku kwetu uhakiki mwingi haufanyiki kwenye ukurasa wa ramani wala kwenye meseji ya watu wawili. Unafanyika kwenye kundi la WhatsApp la mafunzo. Mhakiki anapiga picha ya skrini, anazungushia duara jekundu, anaandika, "Nani amechora hivi?" Wanajibu watu kumi na wawili, wengine kwa vikatuni vya kucheka.

Sijui mahali pabaya zaidi pa kutoa maoni. Kundi hilo lina aibu yote ya hadharani, tena kali zaidi, kwa sababu mashahidi ni watu anaokula nao kantini na kukaa nao hosteli. Mgeni wa Ujerumani akisoma kosa lako haikuumi sana. Mwenzako wa chumba akilisoma, hulali. Wakati huo huo kundi halina faida hata moja ya hadharani. Baada ya siku tatu ujumbe umefunikwa na matangazo ya mitihani na salamu za Ijumaa. Haujaunganishwa na jengo lenyewe. Aliyejiunga mwezi ujao hauoni. Mhakiki wa mbali, akikuta jengo limefutwa, hana njia ya kujua kwamba mlishajadiliana.

Kundi libaki na kazi zake: kutangaza saa ya kukutana, kuuliza kama intaneti ya maabara imerudi, kusambaza namba ya mradi mpya wa kuchora. Likija swali la kiufundi humo, jibu fupi linatosha, pamoja na kiungo cha mahali jibu kamili lilipoandikwa. Na liwe na sharti moja ambalo admini analisimamia bila kumwonea mtu haya: picha ya kazi ya mtu haiwekwi kundini kwa ajili ya kusahihishwa, isipokuwa mwenyewe ameiweka akiomba msaada. Mkitaka kufundisha wote kuhusu mazizi, chukueni eneo ambalo halijachorwa kabisa, wekeni picha ya zizi na picha ya tembe bega kwa bega, elezeni tofauti. Somo ni lile lile, na hakuna aliyesimamishwa mbele ya darasa.

Jinsi maoni ya wazi yanavyoandikwa

Tangu 2014, kila seti ya mabadiliko kwenye OpenStreetMap, yaani mabadiliko yanayopakiwa kwa pamoja, ina sehemu ya mjadala. Ukiandika hapo, mchoraji hupata barua pepe, na maneno yako hubaki. Huwezi kuyafuta mwenyewe ukijutia. Wasimamizi tu ndio wanaoweza kuyaficha. Kwa hiyo andika kwanza pembeni, soma kwa sauti, kisha bandika.

Maoni yanayofanya kazi huwa hivi:

"Habari ndugu, asante kwa kuchora upande huu wa Bahi. Barabara ya kwenda shuleni imekaa vizuri na imeungana sawasawa na barabara kuu. Kusini mwa korongo kuna maduara saba yamewekwa kama majengo. Kwenye picha naona hayana kivuli na katikati ni peusi, kwa hiyo nadhani ni mazizi ya ng'ombe. Moja nimelibadilisha kuwa uzio kama mfano. Hayo mengine unayaonaje?"

Salamu ni ya lazima. Barua inayoanza na kosa bila salamu, Mtanzania ameshaifunga moyoni kabla ya mstari wa pili. Sifa iliyomo ni ya kweli na inataja kitu, kwa sababu "kazi nzuri" peke yake haimfundishi mtu arudie nini. Kosa limetajwa kwa idadi na mahali, ili asilazimike kupekua eneo zima. Sababu imetolewa kutoka kwenye picha, kivuli na rangi, na hicho ndicho anachokwenda nacho kwenye kijiji kinachofuata. Moja limerekebishwa na sita yameachwa: ukirekebisha yote umemnyang'anya mazoezi, na ukiacha yote umempa amri bila mfano. Mwishoni kuna swali, na ni swali la kweli, nitaeleza kwa nini.

Linganisha na "Haya siyo majengo. Jifunze kwanza kabla ya kuchora." Sentensi ya kwanza inahusu kazi; ya pili inamhusu mtu, na haimwambii ajifunze nini. Njia rahisi ya kujikagua ni kutazama nani ni mtendaji wa sentensi zako. Kama ni duara, barabara, jengo, lebo, uko salama. Kila unapokuta "wewe" au "nyinyi wa chuo fulani", futa uandike upya.

Kuna mambo ya kiasi yanayoharibu hata maoni mazuri. Kosa moja likijirudia kwenye seti 12 za mabadiliko, usiandike mara 12. Mtu ataamka asubuhi na barua pepe 12 kutoka kwako na ataacha. Andika kwenye moja, taja kwamba lipo kwenye nyingine pia, weka viungo. Ukiona makosa ya aina sita kwa mtu wa wiki ya kwanza, chagua mawili au matatu yenye madhara makubwa. Barabara ya uongo inayoelekea zahanati ni jambo zito kuliko kona za jengo ambazo hazijanyooka. Na hizo kona, pamoja na majengo yanayopandana na barabara zisizoungana, achia mashine: JOSM na iD, programu mbili za kuchorea ramani hii, zote zina ukaguzi wao kabla ya kupakia, na kitufe cha Q hunyoosha kona za jengo mara moja. Onyo la kompyuta halimwaibishi mtu. Vijana wa CIVE, ndaki ya TEHAMA pale Chuo Kikuu cha Dodoma, wanaotuma msimbo kwenye miradi ya programu wanalijua hili kwa upande wao: nafasi na alama za mistari huachiwa kikagua cha kujiendesha, na mkaguzi binadamu hutunza maneno yake kwa ajili ya mantiki.

Lugha nayo ni uamuzi. Mwandikie Mtanzania mwenzako kwa Kiswahili, kisha ongeza sentensi moja ya Kiingereza inayosema jambo ni nini, ili mhakiki wa mbali asije akarudisha nyuma mliyokubaliana. Kiingereza kitupu kwa kijana wa mwaka wa kwanza husikika kikali kuliko ulivyokusudia, na mara nyingi atanyamaza ingawa ana jibu.

Halafu rudi. Akisharekebisha, andika kwenye ukurasa ule ule: "Nimeona, imekaa sawa. Asante dada." Maneno matano au sita, na ndiyo yanayosahauliwa kuliko yote. Bila hayo, kila anayefungua wasifu wake, pamoja na mwajiri anayemtafuta mtu wa takwimu za kijiografia, anakuta lawama zisizo na mwisho. Yakiwepo, anakuta mtu aliyeambiwa, akaelewa, akatengeneza, na hakuna barua ya utambulisho inayosema hivyo vizuri zaidi.

Mhakiki naye hukosea

Kiangazi, korongo la mchanga mara nyingi huwa njia kweli. Ng'ombe hupitishwa humo kwenda kunyweshwa kwenye visima vilivyochimbwa mchangani, na pikipiki hupita pale ambapo kingo ni laini. Mwanafunzi aliyezaliwa jirani na mto Bubu akichora njia ndani ya mto, huenda anajua anachofanya kuliko mhakiki aliyekaa mbele ya picha. Jibu sahihi hapo ni vyote viwili: mkondo wa maji wenye lebo ya kuwa wa msimu, na njia ya mguu au ya pikipiki inayofuata mkondo huo. Barabara ya magari haimo, lakini njia imo.

Mfano wa pili uko Mtumba. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma kwa kweli, baada ya uamuzi uliokaa tangu 1973, Mji wa Serikali na makazi ya pembezoni yamekua haraka kuliko picha za satelaiti zinavyobadilishwa. Mhakiki wa mbali akitazama picha ya zamani ataona pori, na mbele yake kuna majengo yaliyochorwa na mtu aliyepita hapo kwa miguu. Akifuta kimya kimya, kazi ya kweli imepotea. Akiuliza kwenye ukurasa wa wazi, mchoraji anajibu, na kama mchoraji hayupo, mwingine anayeujua mji anajibu kwa niaba yake.

Hapa ndipo uwazi unapomlinda anayesahihishwa. Pembeni, neno la mhakiki ndilo la mwisho kwa sababu ni la mzoefu kwa mgeni. Hadharani, mwenye kuujua mji anaweza kumwambia mzoefu, kwa heshima, kwamba safari hii amekosea, na mzoefu akaandika "umenielimisha" mbele ya wote. Vijana wakiliona hilo mara moja tu, woga wao wa kuulizwa hupungua sana. Ndiyo maana lile swali la mwisho lazima liwe swali.

Yanayokwenda pembeni

La kwanza ni lile ambalo kulitaja hadharani ni kulieneza. Mradi wa Crowd2Map Tanzania, ulioanza 2015, uliwakusanya watu kuchora vijiji vya Tanzania ili wanaowaokoa wasichana na ukeketaji waweze kuwafikia. Ukeketaji upo pia mikoa yetu ya kati. Sasa chukua mchoraji mwenye nia njema kabisa anayeweka nukta kwenye ramani mahali wasichana waliokimbia wanapohifadhiwa, akaandika na jina la mahali hapo. Ukiandika maoni ya wazi, "toa hii, ni nyumba ya siri," umemwelekeza kila msomaji. Hapa unamwandikia mwenyewe kwa ujumbe wa faragha wa OpenStreetMap, na papo hapo unawaandikia Kikundi Kazi cha Data cha Taasisi ya OpenStreetMap, kwa sababu kufuta peke yake hakutoshi: historia bado inasomeka, na wao ndio wenye uwezo wa kuifunika. Katika maelezo ya seti unayofuta, andika neno la kawaida kabisa, kama "marekebisho ya nukta".

Njia hiyo hiyo hutumika kwa majina na namba za simu za wenye nyumba, ambazo wakusanya taarifa wa mitaani wakati mwingine huzipakia bila kufikiri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekuwa ikitumika tangu Mei 2023, na kazi kuwa ya kujitolea hakuifanyi namba ya mtu isiwe taarifa binafsi. Kwenye programu, udhaifu unaomruhusu mtu kuingia mahali asipotakiwa hupelekwa kwa watunzaji faraghani kwanza, wapewe muda wa kuziba, kisha huelezwa wazi. Project Zero, kikosi cha Google kinachotafuta udhaifu wa aina hii, kwa mfano, imekuwa ikitoa siku 90.

La pili ni mwenendo. Mtu anayewajibu wenzake kwa kejeli, anayenakili kutoka ramani ya kampuni isiyoruhusu, anayerudisha nyuma kazi ya mwenzake mara tatu mfululizo: mwanzo wa hayo ni maandishi ya faragha. Contributor Covenant, kanuni za mwenendo zinazotumiwa na miradi mingi ya programu, huanza ngazi ya hatua zake kwa onyo la maandishi la faragha. Kunakili, angalia vizuri, kuna sehemu mbili. Data iliyonakiliwa lazima iondolewe na sababu iandikwe wazi, kwa kuwa inahatarisha ramani nzima kisheria. Mazungumzo ya kwa nini alifanya hivyo ni ya pembeni. Ikishindikana kabisa, Kikundi Kazi cha Data humfungia mtu, na hapo mambo hurudi hadharani: ukurasa wa waliofungiwa na sababu zake husomwa na yeyote. Kuna hata kufungiwa kwa saa sifuri, ambako lengo lake ni moja tu, mtu asome ujumbe kabla ya kuendelea kuchora.

La tatu ni la heshima, na halitokani na kanuni za Marekani wala Ulaya. Mwanafunzi amekuta kosa kwenye kazi ya mhadhiri wake, au kijana amekuta kosa la mzee aliyeanzisha kikundi. Kanuni yangu haibadiliki, kosa la kazi liandikwe kazini. Lakini mzee asilikute ghafla mbele ya watu. Mtumie kwanza: "Shikamoo mwalimu. Nimepitia seti ya mabadiliko ya Jumanne, nina swali kuhusu njia iliyo ndani ya mto. Naomba kuliandika pale kwenye mjadala ili na wenzangu wajifunze." Kisha mpe siku moja. Wengi watalirekebisha wenyewe na kuandika sababu kwa mkono wao, jambo lililo bora kuliko lolote ambalo ungeandika wewe. Kinachotangulia pembeni ni taarifa. Hoja yenyewe inabaki wazi. Nikimwona mtu anatumia njia hii hata kwa wachoraji wapya, simkatazi, mradi ujumbe wa pembeni usichukue nafasi ya maoni ya wazi.

Na pembeni kwenyewe kunahitaji ulinzi. Watu hudhani faragha ni upole. Kwa msichana wa mwaka wa kwanza, mhakiki wa kiume anayemwandikia saa nne usiku kwenye namba yake binafsi kwamba atamsaidia kazi yake si upole hata kidogo. Kila kikundi kiweke wazi siku ya kwanza kwamba maoni ya kazi hayatumwi kwenye namba ya simu ya mtu. Kwamba ujumbe wa faragha kuhusu mwenendo huandikwa na watu wawili waliotajwa majina, mmoja wao mwanamke. Na kwamba anayeupokea ana ruhusa ya kumwonyesha yeyote amtakaye. Nalisema hili kwa uzito wote, kwa sababu wasichana wanaoondoka kwenye miradi hii kwa sababu hiyo hawaandiki popote kwamba ndiyo sababu.

Jedwali la washindi

Kuna maoni ya hadharani ambayo hatuyaiti maoni: orodha ya waliochora majengo mengi zaidi, inayotundikwa mwisho wa mapathoni, yaani mkusanyiko wa kuchora ramani kwa pamoja, pamoja na zawadi ya fulana. Sauti yake ni kubwa kuliko ya mhakiki yeyote. Inawaambia wote kwamba idadi ndiyo kazi, na wiki inayofuata utakuta majengo yaliyochorwa mbio, yenye kona za ajabu, na matembe yote yamerukwa kwa sababu kuyatafuta kunachelewesha. Kama lazima mtunuku, tunukuni eneo lililopita uhakiki bila kurudishwa, au jibu bora lililoandikwa kwenye mjadala.

Asipojibu

Kimya ndicho kitu utakachokutana nacho zaidi, na mara nyingi hakina maana ya ukaidi. Bando limekwisha, mitihani imefika, au barua pepe aliyojisajilia aliifungua siku ile ile ya mafunzo na hajairudia. Tatizo la barua pepe huzuiwa mapema: siku ya mafunzo, kila mtu ajisajili kwa anwani anayoisoma kwenye simu yake, achore majengo 15 hadi 20, apakie, na mhakiki aliyemo chumbani amwandikie maoni ya wazi kabla hawajatawanyika, hata kama ni salamu na jambo moja zuri. Asubiri hadi simu ilie. Hapo anajua maoni hufika wapi na yanafananaje, na makosa ya mazizi yamekamatwa kwenye majengo 20 badala ya 400. Mhakiki mmoja kwa wageni wanane hadi kumi anaweza kuifanya kazi hiyo mchana mmoja. Kwa wageni 40 hawezi, na ni afadhali kuwaalika wachache.

Kimya kikiendelea, subiri siku saba kwa makosa ya kawaida. Barabara ya uongo inayoweza kumpoteza dereva wa gari la wagonjwa irekebishe siku hiyo hiyo. Ukirekebisha, usitumie zana ya kurudisha nyuma seti nzima kwa sababu ya sehemu moja, maana utaondoa na mazuri yake. Badilisha yale mazizi, acha ile barabara ya shule. Kwenye maelezo ya seti yako mpya weka namba ya seti yake, na kwenye mjadala wa zamani andika ulichobadilisha, ulichokiacha, na kwamba akirudi chuo kikifunguliwa akiona vingine ajibu hapo hapo, utasoma.